Mto Itchen: mmeuliza, tunajibu

Toleo lililopita tulitaja kwa kupita tu kwamba kusini mwa Uingereza kuna mito inayozaliwa kwenye chaki, na tukautaja Itchen kama mfano. Basi barua zikaanza kuingia. Nimechagua chache, zinazofanana nimeziunganisha.

SWALI: Habari za kazi kaka. Mi naishi Southampton upande wa Bitterne Park na kila asubuhi navuka daraja la Cobden kwenda kazini. Mto ninaouona pale maji yakipwa ni tope tupu, mashua zimelala ubavu. Sasa mwenzangu anayefanya kazi Winchester ananiambia huu huu Itchen kule kwao unaona kokoto chini na samaki unawahesabu. Nikamwambia acha fiksi. Ni mto mmoja kweli? Na unaanzia wapi?
(Msomaji, Southampton)

JIBU: Mwenzio hajapiga fiksi ndugu yangu, ni mto huo huo mmoja, na kutoka hapo unapovukia mpaka Winchester kwa mstari ulionyooka hata kilomita 20 hazifiki. Wote kwa jumla, toka chemchemi mpaka baharini, ni kama kilomita 45.

Unaanza mashambani karibu na Hinton Ampner, kusini kidogo ya kijiji cha Cheriton, hapo hapo Hampshire. Usitegemee kuona mlima wala maporomoko. Ni bonde la majani, ng'ombe, miti iliyopandwa mipakani, na maji yanachuruzika tu toka ardhini, hapa kidogo pale kidogo, na ukija mwishoni mwa kiangazi ile sehemu ya juu kabisa unaweza kuikuta kavu kabisa, chemchemi imeshuka zaidi bondeni. Alafu kitu kinachonifurahisha sana kuhusu mto huu, unaanza safari kwa kuipa bahari kisogo. Bahari iko kusini, wenyewe unaelekea kaskazini, unapita Cheriton, unapita Tichborne, mpaka karibu na mji wa Alresford ambapo unapokea vijito viwili, Alre na Candover, ndo unakata kuelekea magharibi kupitia Ovington, Itchen Abbas, Easton na Kings Worthy, na ukishafika kwa juu ya Winchester unageuka tena, safari hii kusini moja kwa moja. Ukiuchora kwenye karatasi unatoka kama ndoana.

Sasa kwanini maji ya juu ni safi vile. Vilima vyote vya eneo lile ni chaki, mwamba mweupe laini uliotokana na mabaki ya viumbe vidogo sana vya baharini vilivyokufa na kujilundika chini ya bahari zaidi ya miaka milioni 66 iliyopita. Mvua ikinyesha juu ya chaki haikimbii juu juu ikibeba udongo, inazama. Inashuka polepole kwenye vitundu na nyufa, inakaa huko chini wiki, miezi, na mingine muda mrefu zaidi ya hapo, na ikija kutoka kwenye chemchemi imeshachujwa, ina madini mengi ya chokaa, na ina joto la nyuzi kama 10 au 11 hivi, iwe Januari au Julai. Ndo maana asubuhi ya baridi kali unauona mto unafuka mvuke wakati madimbwi ya pembeni yameganda. Kwa hiyo ukitaka kuuelewa Itchen, kila jambo lake lirudishe hapo: huu ni mto wa maji ya chini ya ardhi, mvua ni mgeni wake wa mbali.

Kama una siku moja tu ya mapumziko mi nakushauri usiende Winchester kwanza, nenda Ovington. Kuna daraja dogo la waenda kwa miguu linavuka mto pale. Simama katikati, tulia, angalia chini. Utaona kwanza majani marefu ya kijani yamelala na mkondo, yanajinyonganyonga bila kukatika, na mwezi wa Mei na Juni yanatoa maua meupe yenye kiini cha njano yanayoelea juu ya maji. Katikati ya majani kuna njia za kokoto safi, nyingi ni vipande vya gumegume, rangi ya kahawia na kijivu. Samaki wa hapo, trauti, humwoni mara moja. Unaanza kuona kivuli chake kwenye kokoto, kivuli kinatikisika kidogo, ndo macho yanapanda juu kidogo unamkuta mwenyewe amesimama pua imeelekea juu ya mto, mkia unacheza kidogo tu wa kumzuia asirudishwe nyuma. Mdudu akipita juu ya maji, samaki anapanda bila haraka, anafungua mdomo, anafunga, duara linabaki juu ya maji linasukumwa na mkondo linaisha. Mtu anaweza kukaa pale mpaka akasahau chakula cha mchana, na wala simlaumu.

Kuanzia Winchester mto unakuwa na mikono mingi na hapo usidhani ni kazi ya Mungu peke yake. Warumi walijenga mji wao hapo, Venta Belgarum, na karne ya 10 askofu Æthelwold akagawa maji kupitia mjini kwa ajili ya vinu na nyumba za watawa, na baadae wakulima wakachimba mifereji kila upande wa bonde. Hicho cha mwisho kinahitaji maelezo maana ni akili ya ajabu. Wakati wa baridi walikuwa wanafungulia milango midogo ya mbao na kuyaacha maji yatambae juu ya majani ya malisho, maji membamba yanayotembea, siyo ya kutuama. Kwa kuwa yana ule uvuguvugu wa chini ya ardhi, ardhi haigandi, na majani yanaota mapema kabla ya wenzao, kondoo wanapata chakula wakati wengine bado wanahangaika. Mistari ya ile mifereji bado unaiona ukitembea kutoka mjini kwenda St Cross, ardhi ina matuta matuta ambayo mtu asiyejua anadhani ni hivyo hivyo tu.

Baada ya hapo ni Twyford, Shawford, pembeni ya Eastleigh mji wa reli, Mansbridge, mpaka Woodmill. Na hapa ndo jibu la swali lako kaka. Woodmill ndo mwisho wa maji ya bahari kupanda. Juu ya pale ni mto wa chaki, chini ya pale ni mkono wa bahari, na daraja lako la Cobden liko chini ya Woodmill. Lile tope unaloliona ni kazi ya bahari kujaa na kupwa, mto wenyewe haukulileta. Jumamosi moja panda tu kwa miguu toka hapo mpaka Woodmill alafu endelea kidogo mpaka lile daraja la mawe la Mansbridge, utaona mwenyewe mabadiliko.

SWALI: Dada yangu amepanga nyumba Winchester. Mwaka fulani mvua zilikuwa zimeshakatika kabisa, jua linawaka, lakini maji ya mto yakawa yanaendelea kupanda mpaka watu wakaweka mifuko ya mchanga milangoni. Hii inawezekanaje? Na ni kweli kanisa kuu lilikuwa linazama?
(Msomaji, Reading)

JIBU: Inawezekana kabisa, na ndo tabia ya mto wa chaki. Mto wa kawaida mvua ikinyesha leo unajaa leo au kesho, na ukishuka unashuka. Itchen unachelewa. Mvua za vuli na za majira ya baridi zinaingia kwenye mwamba, mwamba unajaa toka chini kwenda juu, na chemchemi zinafikia nguvu yake kamili kuanzia kama Februari mpaka Aprili. Kwa hiyo mvua ikikatika, ile iliyoingia ardhini mwezi uliopita bado inakuja. Ubaya mwingine ni kwamba maji haya hayapiti mlangoni peke yake, yanapanda toka chini ya sakafu, na mfuko wa mchanga mlangoni hauwezi kuyazuia.

Februari 2014 ilikuwa mbaya sana. Ili kuuokoa mji walishusha mifuko mikubwa ya kokoto ndani ya mto kwa juu ya Winchester, sehemu barabara kuu ya M3 inapovuka, wakaubana mto makusudi ili maji yatapakae mashambani kwanza kabla ya kufika kwenye nyumba za watu. Mi naona ulikuwa uamuzi wa busara sana, shamba likilala na maji wiki mbili linapona, sebule ya mtu haiponi kirahisi.

Kuhusu kanisa kuu, ndiyo, ni kweli. Ujenzi wake ulianza 1079, kwenye bonde, maji yako karibu sana chini. Mwanzoni mwa karne ya 13 askofu Godfrey de Lucy akaliongeza upande wa mashariki, na kwa kuwa chini ni udongo mweusi laini wa mimea iliyooza, walilaza magogo wakajenga juu yake. Huyu de Lucy ndo huyo huyo aliyeanzisha mji mpya wa Alresford na bwawa lake kubwa kwenye kijito cha Alre, yaani maji alikuwa anayajua, ila hata hivyo magogo yakaja yakachoka. Kufika 1905 kuta zilikuwa zimeinama na kupasuka, nyufa za kupitisha mkono.

Shida ikawa hivi: wakichimba chini ya ukuta shimo linajaa maji, wakiyavuta kwa pampu maji yanakuja na udongo na ukuta unazidi kukaa vibaya. Ndo wakamwita mzamiaji, William Walker, na kuanzia 1906 mpaka 1911 yule bwana alikuwa anashuka kwenye yale mashimo akiwa na nguo nzito ya kuzamia na kofia ya chuma, maji yana kina mpaka karibu mita 6, giza totoro, haoni hata mkono wake, anafanya kazi kwa kupapasa tu. Anaondoa ule udongo laini, anapanga mifuko ya saruji mpaka chini inazibika, ndo wengine wanakuja kuvuta maji na kujenga juu yake. Mifuko zaidi ya 25,000. Miaka yote hiyo mtu mmoja, kwa kugusagusa, anashikilia kanisa zima. Mi kila nikisoma habari zake natulia kwanza.

Na mpaka leo chumba cha chini ya kanisa kinajaa maji majira ya baridi. Mle ndani kuna sanamu ya mtu, kazi ya Antony Gormley, amesimama anatazama viganja vyake, na maji yakipanda yanamfika mapajani. Mwambie dada yako akienda aende wakati wa mvua, kiangazi atakuta sakafu kavu na hataelewa watu wanasifia nini.

SWALI: Kaka mi napenda kuvua. Naweza kwenda tu na ndoana yangu Itchen? Na yale majani ya wotakresi yanayoota pembeni naweza kuchuma nikapeleka nyumbani?
(Msomaji, Basingstoke)

JIBU: Kwenda tu, hapana. Kwanza England mtu yeyote wa miaka 13 kwenda juu anayevua samaki wa maji baridi kwa ndoana lazima awe na leseni ya serikali, inapatikana mtandaoni, ya watoto wa miaka 13 mpaka 16 ni bure lakini lazima waichukue. Pili, leseni haikupi ruhusa ya kukanyaga ukingo wa mtu. Karibu ukingo wote wa Itchen toka juu mpaka chini una mwenyewe, ni mashamba na klabu, na sehemu nzuri za trauti watu wanalipia pesa nyingi kwa siku moja. Sipendi hali hiyo, mto mzuri hivi ungestahili nafasi zaidi kwa mtu wa kawaida, ila ndo sheria yao na ukikutwa bila ruhusa una kesi. Uliza kwenye duka la zana za uvuvi la karibu yako wakwambie klabu zinazouza tiketi za siku, na uulize pia msimu, maana trauti ana miezi ya kufungwa.

Wotakresi ni mboga ya majani madogo ya duara, kali kidogo ulimini, inaota ndani ya maji yanayotembea, na Alresford ndo nyumbani kwake. Tena ni kwa sababu ile ile: maji ya chemchemi hayagandi, kwa hiyo mboga inaota hata kwenye baridi, na treni ilipofika Alresford 1865 ikawa inavunwa na kufika London ikiwa bado mbichi. Reli hiyo ilifungwa 1973, watu wa kujitolea wakaifufua, na leo treni za mvuke zinapita hapo na wenyewe wanaiita kwa jina la hiyo mboga.

Ila ya porini usichume ukala mbichi. Sehemu kondoo na ng'ombe wanapolisha kando ya maji kuna minyoo ya ini, inajishika kwenye majani na kuyaosha kwa maji ya bomba hakuitoi. Nunua ya shambani, mashamba yanatumia maji ya chemchemi moja kwa moja na mifugo haifiki. Ukikuta ya porini na roho haijatulia, ichemshe vizuri kabisa.

SWALI: Eti zamani meli zilikuwa zinatoka Southampton mpaka Winchester kwa huu mto?
(Msomaji, Eastleigh)

JIBU: Meli ni neno kubwa, tuseme mashua za mizigo, hasa za makaa ya mawe. Bunge lilitoa ruhusa 1665 lakini njia nzima ilifunguliwa 1710. Palipokuwa na maji ya kutosha walitumia mto wenyewe, palipokuwa na kona nyingi wakachimba mfereji, na kwenye miteremko wakaweka vyumba vya maji vya kupandisha na kushusha mashua. Kingo za vingi vya vyumba hivyo zilikuwa udongo na nyasi tu, mawe yapo mlangoni. Reli ikaja ikachukua mzigo wote, na 1869 biashara ikaisha. Kwa bahati wewe uko Eastleigh, ile njia ya farasi waliokuwa wanavuta mashua imekuwa njia ya miguu na inapita karibu na kwako kabisa.

SWALI: Tunaambiwa huu mto una ulinzi wa kila aina. Mbona basi kila ukame tunasikia maji yamepungua na samaki wako hatarini? Nani anayachukua?
(Msomaji, Winchester)

JIBU: Mimi na wewe. Sisemi hivyo kukuumiza dada, lakini maji ya bomba ya Winchester na Southampton yanatoka sehemu kubwa kwenye chaki hii hii na kwenye Itchen wenyewe, kuna mtambo mkubwa pale Otterbourne unaovuta yote mawili. Ukivuta kisimani hujauacha mto salama, ni maji yale yale ambayo yangetokea kwenye chemchemi. Na ukame unapokuja ndo watu wanamwagilia bustani, yaani mto una kidogo na sisi tunataka zaidi.

Anayeumia wa kwanza ni samoni. Hawa samoni wa mito ya chaki wana nasaba ya peke yao, tofauti na samoni wengine wa Uingereza, na wamebaki wachache mno. Wanarudi toka baharini, wanapita katikati ya jiji la Southampton, wanafika Woodmill, na wanahitaji maji ya kutosha yanayowaita kupanda. Wakishapanda wanataga kwenye kokoto majira ya baridi, na kokoto zikiwa zimezibwa na tope laini la mashambani mayai yanakosa hewa. Mkondo ukiwa dhaifu tope haliondoki. Kuna na fosfeti za mbolea na za majitaka, zinalisha mwani wa kahawia unaoyafunika yale majani marefu, na majani yakifa wadudu wanakosa pa kukaa. Kamba wa asili wa mtoni nao wanakufa kwa ugonjwa uliokuja na kamba wa Marekani walioletwa kufugwa, kwa hiyo ukiingia mto mmoja na viatu vyako usiende mto mwingine kabla hujaviosha na kuvikausha.

Ulinzi wa kwenye karatasi upo na siyo bure. Mwaka 2019 vibali vya kuvuta maji Itchen vilibanwa, mto ukishuka chini ya kiwango fulani kampuni inatakiwa ipunguze. Lakini maji yaliyopunguzwa lazima yatoke kwingine, ndo maana linajengwa bwawa jipya Havant Thicket, mashariki huko. Mpaka likamilike na kujaa, kila kiangazi kikavu ni mvutano. Maoni yangu ni kwamba tumechelewa, na kila mwenye bomba Hampshire angetakiwa ajue kwa jina mto anaounywa.

SWALI: Hapa Northam maji yakijaa yanakaa muda mrefu, kama yamesahau kupwa, alafu yakianza kupwa yanakimbia. Nimekulia pwani, sijawahi kuona hivi. Watu wanasema ni kwa sababu yanaingia pande mbili za kisiwa cha Wight.
(Msomaji, Southampton)

JIBU: Macho yako yako sawa mzee wangu. Southampton maji yanajaa, yanashuka kidogo tu, yanajaa tena kama saa mbili baadae, ndo yanapwa kwa kasi. Hadithi ya pande mbili za kisiwa inapendwa sana lakini sababu kubwa siyo hiyo. Ule mlango bahari ulio kati ya Uingereza na Ufaransa maji yake yanayumba, upande mmoja yakipanda mwingine yanashuka, na Southampton iko karibu na katikati ambapo kupanda na kushuka kwa kawaida ni kudogo. Sasa bahari hapo ni ya kina kifupi, na kina kifupi kinaleta mawimbi mengine madogo ya haraka juu ya lile kubwa. Kwingine hayo madogo humezwa huyaoni, Southampton lile kubwa ni dhaifu kwa hiyo madogo yanajitokeza na kukata kilele kuwa viwili. Nyakati za bamvua, yaani siku bahari inapojaa na kupwa sana, utaona wazi zaidi. Na kama una mashua hapo Northam, ule muda wa maji kusimama ndo wa kupita chini ya madaraja, ukichelewa yakaanza kupwa utapiga kasia sana.